Barua ya wazi kwa wakuu wa mashirika ya umeme, maji na gesi kuhusu watu wanaojifanya wafanyakazi wenu

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa mashirika ya umeme, maji, gesi na simu. Kwa wakuu wa mamlaka zinazoyadhibiti. Na kwa makamanda wa polisi, ambao malalamiko haya huwafikia mwizi akiwa amekwisha kwenda zake.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mteja wenu wa kawaida, mwenye mita ukutani na ankara mezani, kuhusu watu wanaobisha hodi majumbani mwetu wakidai kuwa wametumwa nanyi. Najua kwamba jambo hili si geni kwenu, kwa maana kila baada ya muda hutoa tangazo la kututaka tuwe waangalifu, tudai kitambulisho na tutoe taarifa polisi tukimshuku mtu. Sina ugomvi na maneno ya tangazo hilo. Ugomvi wangu ni kwamba yanamtwisha mzigo wote mtu mmoja aliyesimama mlangoni, mara nyingi akiwa peke yake, ambaye ana nusu dakika ya kuamua iwapo aliye mbele yake ni fundi au mwizi, ilhali ninyi mliomtuma fundi huyo hamjampa mwenye nyumba njia ya kumtambua. Tapeli ni mwerevu, sikatai, lakini werevu wake usingemfikisha mbali kama mfanyakazi wenu halisi asingekuwa anatenda vilevile: huja bila taarifa, huvaa kizibao ambacho yeyote anaweza kukinunua, huonesha kununa akiulizwa maswali, na hutaja kukata huduma kabla hajataja jina lake.

Mbinu zenyewe zinajulikana, na zinafanana mno kutoka nchi moja hadi nyingine. Polisi wa Ujerumani wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kuhusu mtu anayejifanya mfanyakazi wa maji, ambaye hudai kuwa bomba limepasuka nyumba ya jirani, kisha humwomba mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mzee, akafungue bomba la bafuni na kuyaangalia maji yanavyotoka. Na wakati mzee huyo amesimama bafuni akiangalia maji, mwenzake tapeli huingia kwa mlango ulioachwa wazi na kupekua chumba cha kulala. Nchini Italia hudaiwa kwamba maji yameingia zebaki au kwamba gesi inavuja, na mwenye nyumba hushauriwa akusanye dhahabu na fedha zake zote aziweke ndani ya friji ili zisiharibike, ambapo hukaa tayari mahali pamoja zikimsubiri mwizi. Wengine hupuliza dawa yenye harufu kali ili hofu ipate ushahidi. Nchini Ufaransa wizi huu huja kwa awamu mbili: kwanza fundi bandia, na muda mfupi baadaye polisi bandia, ambao husema wamemkamata yule fundi na wanataka waoneshwe mahali vinapowekwa vitu vya thamani ili kuhakikisha kuwa hakuna kilichopotea. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu humnasa hata yule aliyekuwa mwangalifu mara ya kwanza.

Tukizichunguza mbinu hizi tutaona kwamba zote zinaegemea mambo mawili ambayo utatuzi wake uko mikononi mwenu. La kwanza ni dharura: mteja hupewa sababu ya kutokufikiri. La pili ni kutokujua, kwa kuwa mteja wa kawaida hajawahi kuambiwa kazi ya fundi huanzia wapi na kuishia wapi. Hakuna kazi ya mita, bomba wala waya inayomlazimu fundi kujua dhahabu ya mwenye nyumba inawekwa wapi. Hakuna msoma mita anayehitaji kuingia chumba cha kulala ikiwa mita iko barazani. Anayekuja kuangalia mwendo wa maji hahitaji watu wote wa nyumba wakusanyike bafuni. Kwenu ninyi haya ni mambo ya wazi kabisa, lakini hamjawahi kuyaandika mahali ambapo bibi anayeishi peke yake anaweza kuyasoma kwa herufi kubwa.

Nichukue mfano wa gesi, kwa sababu ndipo hofu ilipo kubwa zaidi. Gesi asilia haina harufu, na ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa kwa makusudi ili uvujaji utambulike. Tapeli anaujua mwitikio wetu kwa harufu hiyo na huutumia. Lakini mtumishi halisi wa gesi akiamini kwamba kuna uvujaji, jambo la kwanza atakalotaka ni watu watoke nje, madirisha yafunguliwe, na swichi zisiguswe. Kwa hiyo mtu anayesema gesi inavuja, kisha akataka mwenye nyumba abaki ndani akusanye vito vyake, amekwisha kujieleza yeye ni nani. Mteja anayelijua hili hahitaji kubishana na yeyote: anatoka na watu wake, anafunga mlango, anakwenda mbali kidogo na nyumba, na kutoka huko anaipigia simu namba ya dharura iliyo kwenye ankara yake. Kama dharura ni ya kweli, amefanya lililo sahihi. Kama ni ya uongo, mwizi amebaki nje. Sijawahi kuona agizo hili likitolewa kwa ukamilifu huo katika tangazo lolote la kampuni inayonihudumia, na sielewi ni kwa nini, kwa sababu halina gharama.

Wapo pia wasioiba kitu siku ya kwanza. Huja na karatasi na kalamu, huuliza nyumba ina watu wangapi, nani hubaki mchana, umeme hutumika zaidi saa ngapi, na iwapo kuna mbwa. Maswali yote hayo yanaweza kufanana na maswali ya utafiti wa matumizi ya umeme, nanyi wenyewe huwatuma watu kuyauliza. Wanaoyajibu mara nyingi ni watoto waliorudi shuleni, au msaidizi wa kazi za nyumbani ambaye ameajiriwa juzi na hataki kuonekana mkaidi mbele ya mtu mwenye sare. Naomba mliache kabisa zoea la kukusanya taarifa za aina hiyo mlangoni. Mkizihitaji, zipo njia nyingine za kuzipata, na msaidizi wa nyumbani aweze kusema kwa uhakika kwamba kampuni haiulizi maswali kama hayo mlangoni.

Kundi jingine, ambalo kwa idadi ya vilio ninavyovisikia kwa majirani huenda ndilo kubwa, ni la vishoka wanaofuata fedha moja kwa moja. Kishoka humwambia mteja kwamba mita yake imechezewa, kwamba faini yake ni kubwa na kesi iko njiani, lakini kwamba yeye anaweza kumsaidia akilipwa kidogo sasa hivi, kwa fedha taslimu au kwa kutumiwa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Hapa lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha: kishoka huyo ana mwalimu, na mwalimu wake wakati mwingine yumo katika orodha yenu ya mishahara. Kila mara mfanyakazi halisi anapopokea kitu kidogo ili arudishe umeme mapema, au ili asiandike alichokiona, humfundisha mteja kwamba kulipa mlangoni ndivyo mambo yanavyokwenda. Tapeli anayekuja wiki inayofuata hana haja ya kubuni uongo mpya, kwa kuwa anaikuta njia imekwisha kulimwa. Ndiyo maana tangazo la kutahadharisha dhidi ya matapeli, linapotolewa na kampuni isiyowachukulia hatua watumishi wake wanaopokea rushwa, hutufikia likiwa limekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake.

Dawa ya hili ni kauli moja isiyo na mwanya: mfanyakazi wetu hapokei malipo yoyote nyumbani kwa mteja, kwa sababu yoyote ile, kwa njia yoyote ile. Wenye kampuni zinazoruhusu wakusanyaji wa madeni kupokea fedha mlangoni watasema kwamba kauli hiyo itawapunguzia makusanyo. Inawezekana. Lakini kauli yenye vighairi haimsaidii mteja, kwa kuwa tapeli siku zote atakuja akiwa amevaa kighairi. Deni lilipwe kwenye akaunti ya kampuni, kwa namba ya mteja, na risiti itoke kwenye mfumo.

Sasa nije kwenye kitambulisho, ambacho ndicho mnachokitegemea zaidi na ndicho kilicho dhaifu zaidi. Mteja anaambiwa adai kitambulisho, lakini hajawahi kuoneshwa kitambulisho halali kinafananaje. Kadi yenye picha, nembo na kamba ya shingoni inaweza kuchapwa na yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa. Sare hununuliwa, huazimwa, na nyingine hubaki kwa watumishi walioacha kazi bila ya mtu kuwadai. Baya zaidi ni mteja kushauriwa apige simu kuthibitisha, naye akaipiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ile ile, ambapo hupokelewa kwa heshima na mwenzake yule yule tapeli. Namba ya kuthibitishia haina budi kutoka mahali ambapo mgeni hakupaleta: kwenye ankara, kwenye mita yenyewe, au kwenye stika iliyobandikwa na kampuni siku ya kufunga huduma. Nasisitiza stika kwenye mita, kwa sababu mwenye taharuki hatakwenda kufukua ankara za miezi iliyopita huku mtu akimngoja mlangoni.

Njia bora zaidi zipo, na zimekwisha kujaribiwa. Nchini Uingereza, kampuni za umeme na gesi zina daftari la wateja wanaohitaji uangalizi maalumu, wakiwemo wazee, wagonjwa na wenye ulemavu, na mteja aliyeandikishwa humo anaweza kukubaliana na kampuni juu ya neno la siri ambalo mfanyakazi yeyote atakayefika nyumbani kwake lazima alitaje. Nchini Kenya, shirika la Kenya Power liliweka huduma ambayo humwezesha mteja kuthibitisha kwa simu ya mkononi iwapo mtu aliye mbele yake ni mtumishi wa shirika hilo. Mkipenda kujua ni ipi kati ya hizi ninayoiona bora, ni ile ya neno la siri, kwa sababu humlazimu mgeni ndiye ajithibitishe kabla mlango haujafunguliwa. Huduma ya kutuma ujumbe ni nzuri, lakini inamtaka mteja awe na simu mkononi, awe na salio, aone vizuri, na awe na ujasiri wa kumwambia mtu mzima mwenye sare asubiri nje. Wanaoibiwa zaidi ndio wasio na vitu hivyo.

Kwa hiyo ninachowaomba kwa msisitizo mkubwa kuliko yote ni kwamba ziara yoyote ya kawaida itanguliwe na taarifa kwa mteja, ikieleza siku, muda, sababu, na namba ya siri ya ziara hiyo pekee. Mfanyakazi afike, asimame nje ya mlango uliofungwa, aitaje namba hiyo, na mteja ailinganishe na aliyo nayo. Ikilingana, mlango unafunguliwa. Isipolingana, mazungumzo yamekwisha. Mteja asiyetumia simu ya mkononi atumiwe barua, au neno lake la siri la kudumu liandikwe katika kumbukumbu zenu. Mafundi wenu wataona kwamba jambo hili linawachelewesha, na ni kweli litawachelewesha kidogo, lakini naamini wengi wao watalipokea kwa furaha, kwa sababu nao huumizwa na hali iliyopo: hufukuzwa, hutukanwa, na wakati mwingine huzingirwa na wakazi wanaodhani wamemkamata mwizi. Fundi mwaminifu ana haki ya kuwa na njia ya kujithibitisha isiyotegemea sura yake wala bahati yake.

Utaratibu huo hautafaa kitu ikiwa hautawahusu wakandarasi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi zenu za nje, kuanzia kubadilisha mita hadi kuchimba mitaro na kufyeka matawi kwenye nyaya, hufanywa na kampuni nyingine ambazo nazo huajiri vibarua wa muda. Mteja hukutana na gari lisilo na nembo yenu na vijana waliovaa nguo za rangi mchanganyiko, kisha akipiga simu makao makuu kuuliza, aliyepokea hajui kwamba kuna kazi inayoendelea mtaani kwake na hana orodha ya waliotumwa. Mara mbili au tatu mteja akiambiwa kwamba mtu fulani si wenu, na baadaye ikabainika kuwa ni wenu, hatapiga simu tena. Yeyote anayegusa mita kwa niaba yenu, hata kama ni kibarua wa siku moja, jina lake liwemo katika mfumo anaoutazama mpokea simu, na kazi yake ya siku hiyo ionekane hapo. Msipoweza kulifanya hili, msiwatume majumbani.

Kuhusu mpokea simu mwenyewe sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba namba ya kuthibitisha wafanyakazi isichanganywe na namba ya malalamiko ya jumla, ambayo humzungusha mteja kwenye muziki na menyu mpaka akate tamaa. Mtu aliyesimama nje ya mlango hatangoja robo saa, na mwenye nyumba anayeona haya kumngojesha mgeni atamfungulia kabla simu haijapokelewa.

Kwenu wadhibiti, ombi langu linahusu haki ya kuingia. Wateja wengi wanaamini kwamba mtu wa umeme au wa gesi ana ruhusa ya kuingia nyumbani mwao apendavyo, na kwamba kumkatalia ni kosa linaloweza kuwafanya wakatiwe huduma. Imani hiyo ni zawadi kubwa kwa matapeli. Nchini Uingereza ipo sheria ya mwaka 1954 inayosema kwamba mtumishi wa umeme au gesi haingii nyumbani mwa mtu bila ya ridhaa yake au hati ya hakimu, isipokuwa kuna dharura. Sheria yoyote mnayoisimamia, ielezeni kwa lugha nyepesi: lini mteja anaweza kukataa, lini hawezi, na atapewa muda gani wa kuthibitisha kabla hajahesabiwa kuwa amekaidi. Muhimu zaidi, wekeni kanuni kwamba mteja aliyemngojesha au kumrudisha mfanyakazi kwa sababu ya kutaka uthibitisho hatatozwa ada ya ziara wala kukatiwa huduma kwa sababu hiyo. Kwa sasa mwenye nyumba anayefuata ushauri wenu wa kuwa mwangalifu huufuata kwa hasara yake mwenyewe. Itawapasa pia kuzitazama upya mita zilizofungwa ndani ya nyumba. Kuzihamishia nje, au kufunga zinazojisoma zenyewe, kunapunguza idadi ya milango inayofunguliwa kwa wageni, na kila pale mita inapobadilishwa kwa sababu nyingine ndipo kazi hiyo hugharimu kidogo zaidi.

Kwenu makamanda wa polisi, tatizo ni kwamba tukio moja hupokelewa kama dogo. Mzee anafika kituoni akisema kwamba watu wawili waliokuja kupima maji wamemwibia bangili, hana majina yao, hana namba ya gari, na wakati mwingine hana hakika ni siku gani waliyokuja, kwa kuwa aligundua hasara baadaye. Huandikwa, hupewa pole, hurudi nyumbani. Lakini watu wale wale wamekwisha kuhamia mtaa wa pili kwa maneno yale yale. Taarifa hiyo ndogo ingefikishwa siku hiyo hiyo kwa kampuni inayohusika, nayo kampuni ingewatumia ujumbe wateja wa eneo hilo kwamba haina kazi yoyote inayoendelea huko, watu hao wangezikuta nyumba za mtaa wa pili zimekwisha kupata habari. Naomba pia waliotapeliwa wapokelewe bila ya kuulizwa kwa nini walifungua mlango. Swali hilo huwafanya wengi wanyamaze, wakiogopa hata watoto wao wasije wakasema kwamba hawawezi tena kuishi peke yao.

Waheshimiwa, sipuuzi wajibu wetu sisi wateja. Ni juu yetu kutokumwacha mgeni peke yake ndani ya nyumba, kutokumfungulia wa pili wakati wa kwanza bado yuko ndani, kuufunga mlango tunapokwenda kutafuta simu au ankara, na kuwaeleza watoto na wasaidizi wetu kwamba kusema subiri nje si utovu wa adabu. Lakini mengi kati ya hayo yanapingana na malezi ya watu waliofundishwa kumkaribisha mgeni, na yanakuwa mepesi tu pale kampuni yenyewe inapotangaza kwamba inataka tufanye hivyo na kwamba mtumishi wake hatakasirika. Wafundisheni wafanyakazi wenu wawe wa kwanza kusema: funga mlango, thibitisha kwanza, mimi nasubiri. Mkifanya hivyo, yule anayetusukuma na kutuharakisha atakuwa amejitenga na wenu kwa kinywa chake mwenyewe.

Naomba majibu yenu yatolewe hadharani, yakitaja tarehe ambayo namba ya siri ya ziara itaanza kutumika, jina la ofisi itakayosimamia orodha ya wakandarasi, na namba ya simu ya kuthibitisha wafanyakazi usiku na siku za mapumziko. Yakichapwa nyuma ya ankara ya mwezi ujao, yatatufikia sote.

Wenu katika kusubiri utekelezaji,

Mteja wa umeme, maji na gesi